Tukale Wapi Arua na Koboko, na Nani Akae Nje ya Lango



 

Kila muhula unapoanza tunapata swali lile lile kutoka kwa wazazi wa Kampala, Bombo na Mbale wanaoleta watoto wao Chuo Kikuu cha Muni au kampasi ya IUIU hapa Arua. Wanauliza: "Tukishuka kwenye basi tule wapi? Tunataka chakula cha halali, kilicho safi, mahali ambapo mama na watoto watakaa bila muziki wa kelele na meza ya jirani yenye chupa za bia." Tuliahidi kujibu tangu kabla ya Ramadhani, tukachelewa, tunaomba radhi. Leo tunajibu. Ila tunawaambia mapema kwamba jibu letu lina jambo jingine ndani yake, na jambo hilo limetugombanisha wenyewe kwa wenyewe nyumbani.

Sisi tunaoandika ni ndugu watatu wa tumbo moja. Wawili tunakaa Arua, mmoja amebaki Koboko kwenye kiwanja cha wazee. Habari za kula tunazijua vizuri, na anayetufahamu kwa sura hatahitaji ushahidi mwingine!

Majina ya wenye hoteli hatutayataja. Wengi wao hawana hata kibao mlangoni, na mama mmoja alituambia waziwazi: "Mkiniandika, watu wa ushuru watanifikia kabla ya wateja." Basi tutawapa mitaa na alama, mengine mtauliza. Arua ukiuliza chakula, utapelekwa hadi mlangoni.

Tuanze na asubuhi. Ukifika na basi la usiku, usikimbilie chai ya kituoni. Panda boda boda, mwambie akupeleke Oli. Huu ndio mtaa wa zamani wa Waislamu wa Arua, mtaa wa Wanubi, na asubuhi yake hunukia mkaa na unga wa ngano unaoiva. Uliza nyumba inayouza gurusa. Si hoteli, ni baraza ya nyumba ya mtu. Bibi amekaa kwenye kigoda, mbele yake sigiri na kikaango kipana. Gurusa ni mkate mwembamba, laini kama kitambaa. Unga unakorogwa uwe kama uji mwepesi, unaachwa uumuke kidogo, unamwagwa kikaangoni na kutandazwa, na kabla hujamaliza kusema bismillahi umekwisha iva na kukunjwa. Unaliwa na mchuzi wa nyama, au bamia kavu iliyosagwa, ule mlenda mzito unaovutika. Watoto wa Kampala huushangaa mara ya kwanza. Mara ya pili huomba nyongeza.

Tunawashauri mle gurusa kwa bibi mwenye umri, yule ambaye watoto wote wa mtaa humwita habuba. Vijana wanaoipika siku hizi hutia sukari nyingi, ikawa kama keki. Hayo ni maoni yetu, tunajua kuna watakaotukasirikia.

Ingefaa mwanafunzi anayekula gurusa Oli ajue imefikaje pale. Wanubi wa Uganda ni wajukuu wa askari wa Emin Pasha, waliokuwa na ngome Wadelai, kando ya Mto Nile hapa hapa West Nile, katika miaka ya 1880. Walitoka makabila mengi ya Sudan, wakaunganishwa na jeshi, Uislamu na lugha yao ya Kinubi ambayo mizizi yake ni Kiarabu. Mwaka 1891 Lugard alimkuta Selim Bey na watu wake Kavalli, karibu na Ziwa Albert, akawachukua. Wakatawanyika hadi Bombo na Kibera kule Nairobi. Na ardhi hii yenyewe nayo imehamahama bila kunyanyua mguu: ilikuwa sehemu ya Lado chini ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, mwaka 1910 ikaingia Sudan, mwaka 1914 ikaingia Uganda na mji wa Arua ukaanzishwa. Mzee aliyezaliwa hapa mwaka 1905 na kukaa mahali pamoja maisha yake yote aliishi chini ya serikali tatu. Kwa hiyo ukiona sahani moja ya Arua ina vitu vya Kongo, Sudan na Uganda pamoja, usishangae.

Mchana sasa. Mchana Arua ni enyasa, na mzazi anayempeleka mtoto wake kula chipsi na kuku siku ya kwanza Arua amepoteza nauli yake. Chipsi zipo kila mahali duniani. Enyasa ni ugali wa unga wa muhogo uliochanganywa na mtama au ulezi, mweusi kidogo, unanata kwenye vidole, na unashibisha hadi jioni. Uagize na osubi, yaani majani ya kunde yaliyopikwa na karanga au ufuta wa kusaga, au uagize na angara, samaki wa kukaushwa wa Ziwa Albert na Nile. Angara ana miba mingi sana. Wenye watoto wadogo wamchambulie mtoto kwanza.

Zamani tungewaambia bila kufikiri: nendeni soko kuu, safu ya kina mama wa chakula. Pale tulikula tangu tukiwa wanafunzi wa sekondari, mabenchi marefu, moshi machoni, na wateja wa kila aina, dereva wa lori la Kongo anakaa bega kwa bega na mwalimu. Soko lile la zamani likavunjwa ili lijengwe jipya la ghorofa, na kina mama wakatawanyika. Wengine walipata nafasi tena, wengine hatukuwaona tena. Yule tuliyemzoea sisi alihamia kando ya barabara chini ya turubai, na ndiko tunakokula mpaka leo. Soko jipya ni zuri, hatulidharau, lina choo na maji. Lakini chakula cha mama yule hakikupanda ngazi.

Jinsi ya kuchagua hoteli? Wengi huangalia kama ukutani pameandikwa HALAL kwa rangi ya kijani. Rangi ya kijani ni rahisi kununua. Sisi tunaangalia maji ya kunawa: je, kuna jerikani yenye bomba na sabuni, au ni beseni moja ambalo watu ishirini wamekwisha ingiza mikono? Tunauliza nyama imechinjwa na nani na wapi. Mwenye hoteli mkweli hujibu papo hapo na kukutajia bucha, asiye mkweli hukasirika. Tena tunaangalia wakati wa adhuhuri, kama wahudumu wanapeana zamu ya kwenda kusali. Na mama akiingia na watoto, je, anaonyeshwa mahali pa kukaa, au anatazamwa mlangoni kana kwamba amepotea njia? Hoteli kadhaa nzuri za Arua zimetushinda hapo tu.

Usiku wanafunzi hawahitaji ushauri wetu. Watakula Rolex, ile chapati iliyoviringishwa na mayai, au kikomando, chapati iliyokatwakatwa ndani ya maharage, kama kila mwanafunzi wa Uganda. Tunaomba jambo moja tu: lipeni madeni yenu kabla ya kufunga chuo. Yule kijana wa chapati ana daftari, tumeliona, na majina yaliyomo ni ya watoto wa watu wanaojulikana.

Haya, twende Koboko.

Njia ya Koboko zamani ilikuwa adhabu. Mvua ikinyesha lori linakwama, abiria wanashuka, wanaume wanasukuma, safari ya kilomita zisizofika 60 inakula siku nzima. Siku hizi barabara ya Vurra, Arua, Koboko hadi Oraba, kilomita 92, ina lami, na unapita Maracha ukiwa bado na ladha ya chai ya Arua mdomoni. Koboko imekuwa wilaya yake yenyewe tangu mwaka 2005. Ni mji wa mpakani kabisa: Sudan Kusini iko Oraba hapo, Kongo iko hapo upande wa Ingbokolo, na Wakakwa wenye mji wana ndugu zao katika nchi zote tatu. Mfuko wa mwenye duka wa Koboko una noti za aina tatu. Katika meza moja utasikia Kikakwa, Kinubi, Kilugbara, Kiarabu cha Juba, Lingala, na Kiswahili chetu hiki kinachowaunganisha wote, hata kama ndugu zetu wa Pwani watakicheka.

Hapo Koboko tunapendekeza mahali pamoja tu, na tunapapendekeza kwa nguvu zote. Ni kibanda cha mabati karibu na barabara kuu, na mwenye nacho ni mama kutoka Yei, Sudan Kusini, aliyeingia Uganda mwaka 2016. Anauza ful. Maharage anayainjika jioni kwenye sufuria kubwa, moto mdogo wa mkaa, yanalala yakichemka. Alfajiri anayatia kwenye bakuli, anayaponda kwa kitako cha chupa ya soda, anamwagia mafuta ya ufuta, kitunguu kibichi, nyanya, bizari nyembamba na chumvi. Juu anaweka tamia zilizotoka kwenye mafuta sasa hivi, zinakatika kwa sauti. Mkate unanunua duka la jirani. Yale maharage makubwa ya ful yenyewe yakikosekana sokoni hutumia maharage yetu ya kawaida, nasi hujifanya hatukugundua.

Baada ya ful ni chai. Nayo chai haiuzi yeye, wanauza wanawake wa nje ya lango la msikiti. Hapa ndipo palipo na jambo letu.

Msikiti hatutautaja, wa Koboko wanaujua. Nje ya lango lake, chini ya mwembe, wanakaa wanawake sita au saba, kila mmoja na sigiri yake, birika, vigoda vidogo na bilauri. Wanauza chai ya tangawizi, karkade, na kahawa iliyotwangwa na tangawizi inayomiminwa kutoka kwenye jabana. Wawili ni Wakongo waliotoka kambi ya Lobule, wengine ni wa Yei na vijiji vyake. Baada ya sala ya alfajiri na baada ya Ijumaa, waumini hukaa pale, wanakunywa, wanaulizana habari, biashara zinafungwa, ndoa zinaanza kunong'onwa. Miaka sita, saba hivi.

Mwaka huu ikaandikwa barua kwenda kwa kamati ya msikiti. Inaomba wanawake hao waondolewe, na nafasi ile, kama itatumika, wapewe "wenyeji". Sababu zilizoandikwa ni tatu: wanachafua mlango wa nyumba ya Allah, wanaume wanakaa pale wakati wengine wanaingia kusali, na wanachukua wateja wa wenye hoteli wanaolipa kodi ya nyumba na leseni. Chini yake kulikuwa na sahihi zaidi ya thelathini.

Sahihi moja ni ya mmoja wetu.

Hatutasema ni nani kati ya watatu. Tumekubaliana tuandike hivyo, kwa sababu wawili waliobaki nao walisoma barua ile kwanza na hawakuona ubaya mkubwa. Ukiisoma haraka ina maneno ya adabu, imeanza kwa bismillahi, na sababu zake si za uongo. Majani ya chai kweli yalikuwa yanamwagwa kwenye mtaro. Kweli kuna vijana wanaosikia iqama na bado wanamalizia bilauri. Na mwenye hoteli ana haki ya kulalamika akiona yeye analipa na mwenzake halipi.

Tulipeleka habari ile kwa Mama kama habari tu, jioni, tukila. Mama ni mtu mzima sana sasa, hasikii vizuri upande mmoja. Alisikia neno "waondolewe" akauliza waende wapi. Tukamwambia kambini, wana kambi zao. Akanyamaza. Kisha akatuuliza kama tunakumbuka karai.

Tunalikumbuka karai. Baada ya serikali ya Amin kuanguka Aprili 1979, na hasa baada ya vita kuingia Koboko na Arua Oktoba 1980, watu wa huku walikimbia kwa maelfu. Wengine Sudan, wengine Zaire. Sisi tulivuka kwa miguu upande wa Ingbokolo, kisha tukaingia ndani zaidi, sehemu za Aru. Mkubwa wetu alikuwa na miaka minane, mdogo alibebwa mgongoni. Baba alikuwa ametangulia njia nyingine na hatukumwona kwa miezi mingi. Mama alibeba vitu viwili vya maana, mtoto na karai la kukaangia.

Kwa karai lile alikaanga mandazi nje ya msikiti mdogo wa udongo katika mji wa watu. Unga alikopa. Mafuta ya mawese alikopa. Wateja walikuwa wale wale wanaotoka kusali, walimpa makuta machache kwa andazi, na walimwita "Mama Uganda". Kulikuwa na kina mama wa pale waliouza mandazi kabla yake. Tunawakumbuka, kwa sababu mmoja wao alimwaga unga wetu siku moja, makusudi, na Mama akauokota na mchanga wake akauchekecha. Tunamkumbuka pia mzee mmoja wa msikiti ule aliyetoka na mkeka wake mwenyewe, akautandika chini ya ukuta wenye kivuli, akasema Kiswahili cha kule: "Mama, ukae hapa, huku jua ni mingi." Hakuna kikao kilichoitishwa. Tulikula kutoka kwenye mkeka ule hadi tuliporudi nyumbani mwaka 1986.

Mama hakusema zaidi ya hapo usiku ule. Aliuliza tu kama karai lipo, tukasema lipo stoo.

Sasa tuseme maoni yetu, na anayepinga atujibu, tutachapisha.

Kuhusu uchafu: ndoo mbili na zamu ya kufagia. Tumekwisha zungumza na wale wanawake, walikubali kabla hatujamaliza sentensi, na mmoja alituuliza kwa nini hatukusema tangu zamani. Swali zuri. Hatukuwa na jibu.

Kuhusu vijana wanaokaa wakati wa iqama: hao ni watoto wetu. Mwanamke wa kutoka Yei hawezi kumwambia mtoto wa mwenyekiti ainuke akasali. Baba yake anaweza. Wanawake wenyewe wamesema watafunika birika adhana ikilia hadi sala iishe, na tumeona wanafanya hivyo tangu Ijumaa mbili zilizopita.

Kuhusu wateja, hapa tunataka kukaa kidogo. Wenye hoteli wa Koboko ni rafiki zetu, wengine ni jamaa. Tunajua biashara ya Juba na Yei ilivyoanguka tangu vita vya 2016, malori yalivyopungua, kodi za nyumba zilivyobaki pale pale. Lakini tulikaa asubuhi moja tukahesabu sukari, mkaa, majani ya chai, tangawizi, kitunguu na mkate wa kibanda cha ful vinanunuliwa wapi. Vyote vinanunuliwa katika maduka ya waliotia sahihi! Mkate wa yule mama wa ful unatoka duka la mtu ambaye jina lake ni la tano kwenye barua. Kama tatizo ni ushuru, mji uwatoze wote ushuru mdogo unaolingana na bilauri ya chai, na wao wapewe risiti kama wengine. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inawaruhusu kutembea na kufanya kazi. Hawapo pale kwa hisani ya mtu.

Na ile hoja ya "wana kambi zao". Kambi ya Bidi Bidi ilifunguliwa Agosti 2016 hapo jirani Yumbe na ikajaa watu zaidi ya 200,000 ndani ya miezi. Chakula cha kambini kinatoka Shirika la Chakula Duniani, na shirika hilo lilipunguza mgao mwaka 2023, kisha likapunguza tena vibaya sana mwaka 2025 fedha za wafadhili zilipokauka. Wengi wakaondolewa kabisa kwenye orodha. Kwa hiyo anayesema warudi kambini wakale, aseme wakale nini. Mwanamke anayeuza chai nje ya lango ametafuta jibu lake mwenyewe, la halali, mbele ya macho ya watu, mlangoni pa msikiti. Tungependelea akatafute wapi?

Neno "wenyeji" nalo linatusumbua. Gurusa ililetwa na Wanubi. Chapati imetoka India. Hata muhogo wa enyasa, ambao tunauapia kuwa ni chakula cha mababu, asili yake ni Amerika ya Kusini, ulivuka bahari na Wareno ukatufikia kupitia Kongo. Tukianza kuondoa mlangoni kila kilichokuja na mgeni, siku ya Idi tutakula nini huku West Nile? Maji, labda. Mimbarini tunasimuliwa kila mwaka habari za Ansari wa Madina na jinsi walivyogawana nyumba na mali na Muhajirina. Tunatikisa vichwa, tunafuta machozi, kisha tunatoka nje kunywa chai ya muhajiri na kutia sahihi aondoke.

Mmoja wetu ameandika barua ya pili kwa kamati, kuondoa sahihi yake. Haikuwa rahisi. Katika mji mdogo mtu akigeuza neno lake, huonekana kigeugeu, na tayari kuna waliomwambia amehongwa kwa chai. Wenzake wawili tumetia majina yetu chini ya barua hiyo ya pili, pamoja na Mama, aliyeweka dole gumba kwa sababu mkono wake unatetemeka. Kamati imesema itakaa baada ya sala ya Ijumaa ya mwisho wa mwezi huu. Hatujui itaamua nini. Imamu hajasema neno lolote, ila tumemwona anakunywa karkade.

Tunawaomba wasomaji wa Koboko wenye maoni wafike kikao hicho. Wenye barua ya kwanza wafike pia, wasemee sababu zao mbele ya wanawake wenyewe, ambao hadi leo hakuna aliyewaita wakasikilizwa. Sisi tutapendekeza waitwe.

Wazazi mnaoleta watoto muhula huu, ratiba yetu kwenu ni hii: gurusa ya Oli asubuhi ya kwanza, enyasa mchana wa siku hiyo, na mkipata nafasi ya kwenda Koboko lalenI huko usiku mmoja, kwa sababu ful ya yule mama haingoji msafiri wa kutoka Arua aliyechelewa kuamka. Saa mbili na nusu asubuhi sufuria huwa tupu. Mkate nunueni duka la jirani kabla ya kukaa. Chai msiagize pale kibandani, tembeeni hatua chache hadi mwembeni, na kama mtakuta vigoda vimejaa kuna mkeka, ni wa kwetu, Mama ameupeleka wiki iliyopita. Kaeni.

Wasalaam.